Gitaa la Kuunganisha Si Feki

Wasee wa Rongai (ya Nakuru, si ile ya Kajiado), hii maneno ya "hilo gitaa si orijino" iishe. Trekta yako ina injini ya huku na gia ya kule, na inalima. Hakuna mtu anaiita feki. Lakini kijana akitoa shingo kwa gitaa lililovunjika, achongewe bodi ya saiprasi na fundi wa viti, halafu anunue pikapu mahali pengine (si ile ya kubeba viazi), mnacheka.

Leo Fender mwenyewe alifunga shingo kwa skrubu makusudi, ndio ikiharibika ibadilishwe. Stratocaster ya 1954 ilitoka hivyo.

Shida ya kweli ni vipimo. Shingo ya Stratocaster inataka uzi wa milimita 648 kutoka juu ya shingo hadi kwa daraja, na freti ya 12 ikae nusu ya safari, 324. Ukikosea hapo utakaza nyuzi hadi kesho na sauti zitagombana tu. Kosoeni hilo, nitawasikiza. Lakini kumwambia kijana wa kwaya angoje pesa ya gitaa la Marekani ndio aanze kujifunza? Atangoja hadi aoe.