Rubani wa Pwani na Milima ya Njombe

Kijana wa Unguja au Pemba anayejifunza urubani hulelewa na bahari. Uwanja wa Abeid Amani Karume hauzidi mita 20 juu ya usawa wa bahari, na katika visiwa vyetu vyote hakuna kilima kinachofika mita 150. Ili apate leseni ya rubani binafsi, viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga vinamtaka awe na saa 40 za kuruka, na ndani yake safari moja ya peke yake isiyopungua kilomita 270, yenye kutua katika viwanja viwili vingine. Safari hiyo aweza kuitimiza kwa kwenda Pemba, akavuka hadi Tanga na kurudi Unguja, asione mlima isipokuwa Usambara kwa mbali.

Leseni hiyo hiyo, bila ya kuongezwa neno moja, yamruhusu kesho yake kuielekeza ndege yake Njombe. Hapo ndipo penye shaka yetu, na tunaomba wahusika watusikilize.

Uwanja wa Njombe uko kiasi cha mita 1,950 juu ya bahari. Makambako, iliyo kilomita 60 hivi kaskazini yake, ambako reli ya TAZARA hukutana na barabara ya Songea, ni chini kidogo, lakini nayo yapita mita 1,600. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, na jua likipanda huwa nyepesi zaidi. Njombe ikifika joto la nyuzi 22 saa sita mchana, jambo ambalo si la ajabu, ndege huona kana kwamba uwanja umenyanyuliwa hadi karibu mita 2,700. Injini ndogo ya kawaida hupoteza kama robo ya nguvu zake. Bawa nalo halishiki hewa mpaka ndege ikimbie zaidi, na urefu wa njia inayohitajika kupaa waweza kukaribia mara mbili ya ule wa pwani. Rubani asiyefundishwa kupunguza petroli ili ilingane na hewa iliyopo, humalizia hata ile nguvu iliyobaki.

Kutua nako kuna mtego wake. Saa ya mwendo ndani ya ndege husoma vile vile alivyozoea, lakini ardhi hupita kwa kasi kubwa zaidi: aliyezoea kugusa chini kwa kilomita 100 kwa saa atagusa kwa 110 na kitu. Macho yake ya pwani yatamwambia anakwenda mbio mno. Atapunguza mwendo, na akipunguza sana, ndege itakatika bawani ingali juu. Kitabu hulieleza jambo hili kwa mistari michache tu. Mwili haulielewi mpaka ulione, na mwalimu awe ameketi pembeni.

Juu ya upepo, wazee wetu wa vyombo wangefahamu upesi kuliko vijana. Upepo ukipiga mlima hupanda upande wa joshini, na ukishavuka kilele huporomoka upande wa demani. Ndege ndogo ikikikabili kilele kutoka upande wa demani, upepo huo huishusha kwa kasi ambayo injini iliyopungua nguvu haiwezi kuishinda. Ndiyo sababu walimu wa milimani hufundisha kukiendea kilele kwa pembe, pasiwe moja kwa moja, ili kugeuka kuwe rahisi. Hufundisha pia kupita bondeni kwa kushika ubavu mmoja, ili pabaki nafasi ya kupindua. Milima ya Kipengere ina vilele vinavyokaribia mita 2,960. Ile ya Livingstone huteremka ghafla mpaka Ziwa Nyasa, ambalo uso wake haufiki mita 500. Na kusi, upepo ule ule unaosukuma majahazi yetu, ukipanda nyanda hizo mwezi wa Juni na Julai hugeuka ukungu na manyunyu ya baridi yanayofunika Njombe asubuhi nzima.

Wako watakaosema kwamba tunatisha watu bure. Tarehe 18 Mei 1955 ndege ya Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki iligonga Kilimanjaro ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, wakafa watu 20. Julai 2003 ndege iligonga kilele cha Lenana katika Mlima Kenya, wakafa 14. Novemba 2017 walikufa 11 katika eneo la Ngorongoro, na Juni 2018 wengine 10 katika milima ya Aberdare. Hatuhukumu chanzo cha ajali yoyote kati ya hizo. Hiyo ni kazi ya wachunguzi. Tunalotaka lionekane ni kwamba ndege hizo ziliendeshwa na marubani wa kazi, wenye saa nyingi kuliko 40. Ikiwa milima haikuwastahi hao, mwenye leseni mpya ya kujiendeshea ategemee nini?

Nasi tuna la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa Makambako kwa shughuli za Chama, na ndugu mmoja mwenye ndege yake ndogo alikuwa amejitolea kutuchukua kwa hisani. Jioni ile tulikuwa tukitazamiwa Songea. Mkutano ulichelewa, kama ilivyo desturi ya mikutano yetu, na tulipofika uwanjani ilikuwa saa nane mchana. Mwenye ndege akatazama mawingu yaliyokwisha kupandana upande wa Njombe, akapima kwa macho watu wanne na mizigo yao, akasema hatuondoki mpaka asubuhi. Tulinuna. Mmoja wetu alimtajia cheo cha aliyekuwa akitungojea. Yule bwana akafunga ndege yake kwa kamba, akaenda kutafuta chai.

Asubuhi tulipaa saa moja, mbingu nyeupe na hewa imetulia, tukafika salama. Tangu siku hiyo tumejiuliza: lau angekuwa kijana wa saa 40, mbele ya viongozi watatu walionuna, angethubutu kukataa?

Kwa hiyo tunaiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa kuwa jambo hili ni la Muungano na linawahusu wa bara na wa visiwani sawasawa, ianzishe kibali cha milimani juu ya leseni ya rubani binafsi. Ulaya wanacho, hudumu miezi 24, na anayetaka kuendelea nacho huonyesha kwamba ametua milimani angalau mara 6, au hupimwa upya. Chao kimeelekea zaidi viwanja vya mteremko na theluji ya Alps, mambo ambayo hatuyahitaji. Chetu chaweza kuwa cha siku mbili: mwanafunzi na mwalimu waanzie Makambako, ambako kaskazini kuna uwanda wa Usangu wa kukimbilia mambo yakiharibika, kisha wapande Njombe, watue na kupaa asubuhi, wakae chini mchana wakipiga hesabu ya mzigo na joto, na mwisho mwalimu atie sahihi katika daftari la rubani.

Gharama ipo, hatuifichi. Petroli ya ndege ndogo ni ghali na haipatikani kila uwanja. Lakini mtu aliyemudu saa 40 hatashindwa na saa nyingine tano, na akishindwa, basi abaki pwani, ambako leseni yake inamtosha.

Viongozi wenzetu nao, wanaoombewa nafasi katika ndege za marafiki, wapange mikutano ya nyanda za juu iishe jioni na safari iwe ya asubuhi inayofuata. Kwa mafunzo yenyewe tungependekeza Septemba na Oktoba: ukungu wa kusi umekwisha, mvua haijaanza, na kinachobaki ni moshi wa mashamba yanayochomwa, ambao nao mwanafunzi hana budi kuujua.