Neno la Mhariri: Miezi 24

Fika Mikumi usiku wa manane. Maroli yamepangana kando ya barabara, mengine yakielekea Tunduma na kuvuka kwenda Zambia na Kongo, mengine yakirudi bandarini Dar es Salaam. Moshi wa mkaa, harufu ya chapati, chai ya tangawizi kwenye chupa kubwa. Mama lishe anahudumia madereva na matingo huku mtoto wake amelala nyuma yake, juu ya mkeka, amefunikwa khanga. Saa kumi na moja alfajiri atambeba mgongoni, arudi chumba alichopanga, amlalishe tena, kisha aanze kuchambua maharage ya mchana.

Mikumi ni mahali pa kupita. Barabara kuu inakata katikati ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, inaingia mjini, na hapo ndipo inapochepuka njia ya Kidatu na Ifakara. Mji unaokula kwa wapita njia hulea pia watoto wao. Ila tusiwasingizie madereva peke yao. Kina baba wasiojulikana walipo ni wakulima, watumishi, vijana wa bodaboda, majirani wa nyumba ya tatu. Wapo pia wajane na walioachika, ambao kilio chao kina sura nyingine. Katika toleo hili nataka nianze na mama ambaye baba wa mtoto wake yu hai, ana kipato, na amenyamaza.

Sikilizeni tunavyomsema. Tunasema "amezalishwa". Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, maana yake yupo aliyetenda. Lakini sentensi ikishatamkwa, mtendaji hatumtaji. Anayebaki na jina ni mama: singo maza. Mtoto naye hupewa lake, "wa nje ya ndoa", kana kwamba kuna mlango aliopaswa kuubisha kabla ya kuzaliwa. Mwanamume hana jina lolote katika habari hiyo. Hilo linaniuma, maana lugha hii ni yetu na sisi ndio tunaoizungumza hivyo.

Tena linatokea katika nchi ya ukoo wa mama. Wavidunda wa milimani, Wasagara, Wakaguru na jirani zao Waluguru wamehesabu ukoo kwa upande wa mama tangu zamani. Mtoto alikuwa na kwao hata kabla baba yake hajatajwa; mjomba alikuwa na wajibu, bibi alikuwa na shamba. Sisemi utaratibu ule haukuwa na dosari. Mjomba aliweza kuwa mkali kuliko baba, na mwanamume aliyezaa aliweza kujiondokea bila kuulizwa. Lakini mtoto asiye na pa kuitwa "kwetu" hakuwa jambo la kawaida. Leo Mikumi ni mji wa watu waliotoka kila mkoa. Mama kijana yuko chumba cha kupanga, ukoo wake uko mbali, mjomba ana watoto wake wa kuwalipia sare. Wigo ule umebomoka, na mahali pake tumeweka sheria.

Kwa miaka mingi sheria yenyewe ilikuwa ya kutia aibu. Baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliweza kuamriwa kutoa shilingi 100 kwa mwezi. Fedha ilishuka thamani, bei zikapanda, ile 100 ikabaki palepale hadi haikutosha hata kununua mkate. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo iliyoiondoa. Sasa mahakama hutazama kipato na mali ya wazazi wote wawili, pamoja na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Mwanamume akikana, mahakama inaweza kuamuru kipimo cha vinasaba. Anayeweza kuomba matunzo ni mzazi, mlezi, au mtu mwingine anayeishi na mtoto, kwa hiyo hata bibi. Afisa ustawi wa jamii pia anaweza.

Lakini sheria hiyo hiyo ina saa ndani yake. Mama anayetaka mwanamume anayemtaja kuwa baba aamriwe kutoa matunzo anaweza kuomba kabla mtoto hajazaliwa, au ndani ya miezi 24 baada ya kujifungua. Miezi hiyo ikipita, mlango haufunguki kirahisi. Unabaki wazi endapo itathibitishwa kwamba ndani ya miezi 24 ile mwanamume alitoa fedha za matunzo. Unabaki wazi pia kama aliondoka Tanzania Bara, kwa miezi 24 tangu aliporudi. Kwa mji wa njia ya Zambia, kipengele hicho si maneno ya wanasheria tu.

Kwa hiyo ile shilingi 10,000 aliyoituma baba kwa simu, mara moja, mtoto alipougua, haikuwa dawa tu. Ilikuwa ushahidi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani. Na wangapi kati yetu hufuta meseji za zamani ili simu ipate nafasi!

Wanawake huiacha miezi hiyo ipite, na wala si kwa uzembe. Wazee huwaambia, "Subiri, damu haipotei, atarudi." Mama mwenyewe bado anatumaini; kumshtaki mtu ni kukubali kwamba hatarudi tena. Makao makuu ya wilaya yako Kilosa, na siku ya kwenda huko ni siku ambayo sufuria haipandi jikoni. Na ipo aibu. Aprili 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alipowaita wanawake waliotelekezwa na wazazi wenzao, walijaa nje ya ofisi yake na watoto mgongoni. Wengi tuliitazama foleni ile kama sinema, tukingoja kusikia baba gani maarufu atatajwa. Mimi naiona kwa namna nyingine: maelfu ya watu walikuwa na haki iliyoandikwa tangu 2009, na hawakujua waipeleke wapi mpaka kiongozi alipopaza sauti.

Na miezi hiyo 24 si miezi mingine yoyote. Wataalamu wa lishe huhesabu siku 1,000, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, kuwa ndizo zinazojenga mwili na ubongo wake. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mtoto anapotimiza miaka miwili, yale yaliyokosekana sahanini ni vigumu kuyarudisha, na siku hiyo hiyo sheria inaanza kumbana mama yake.

Wengine kati ya mama hao ni watoto. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Juni 2017, Rais Magufuli alitamka Chalinze, kando ya barabara hii hii, kwamba aliyepata mimba hatarudi shule. Novemba 2021 Serikali ikalegeza, wakaruhusiwa. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini ruhusa haimbebi mtoto wakati mama yuko darasani. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyofungua vituo vya kulelea watoto, chini ya programu ya Elimu Haina Mwisho, vimeelewa jambo hilo kuliko waraka wowote. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 4 ya wanawake, nayo ina kazi yake. Ila huwaendea wanawake waliokwisha kuwa na kikundi, na mama anayefanya kazi usiku kucha ndiye wa mwisho kuingizwa kikundini.

Ninachopendekeza ni kidogo, na nakishikilia. Katika miezi hiyo 24 ipo ofisi moja ambayo mama huyu huiendea mara kwa mara bila kuitwa na mkuu wa mkoa: kliniki. Mtoto anapimwa uzito, nukta inawekwa kwenye kadi. Nesi anayeona mstari unashuka ana sababu zote za kuuliza, "Matunzo yanatoka wapi?" na kumwandikia mama jina la afisa ustawi na tarehe ambayo muda utaisha. Haihitaji jengo jipya. Inahitaji nesi aruhusiwe kuuliza, na ustawi wa jamii wafike Mikumi siku ya kliniki, badala ya kumngoja mama Kilosa.

Ukurasa wa katikati wa toleo hili tumeuacha na mistari mitupu: tarehe, kiasi, jina la mtumaji, namba ya muamala. Juu kabisa kuna nafasi mbili, ya siku mtoto alipozaliwa na ya siku atakapotimiza miezi 24. Tumeukata kwa kipimo cha kadi ya kliniki, ukae ndani yake.