Riwaya tatu, moja imenikosesha usingizi

Wadau, mwezi huu simu niliiweka pembeni, nikamaliza riwaya tatu. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla ni burudani tupu: Bwana Msa anafumbua mauaji taratibu, kiko mdomoni. Peponi ya Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, inaenda polepole, ila ukishamzoea Yusuf, mtoto aliyetolewa kwa deni la baba yake, huchomoki.

Sasa Rosa Mistika! Kezilahabi aliitoa 1971. Ni ya Ukerewe, ziwa letu hilihili. Mzee Zakaria anampiga binti yake kisa barua ya mvulana, kumbe ndo anampoteza. Iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, eti inaharibu watoto. Jamani! Huku Tarime na Serengeti kila msimu wa Desemba kuna mabinti wanakimbilia nyumba salama, wanakwepa kukeketwa na kuozwa kwa ng'ombe. Sasa kinachoharibu watoto ni kitabu, au huu ukimya wa nyumbani?

Mimi nimemwazimisha baba. Akinifokea poa tu, angalau tutakuwa tumeongea.