Televisheni Isiyopiga Hodi

Nyumba za kale za Lamu zilijengwa kwa hesabu. Nje pana daka, mahali pa kumkalisha mgeni. Ndani zaidi ndiko waliko wenyewe, na hakuna apitaye kizingiti bila ya idhini. Wala huo haukuwa urembo wa waashi. Sura ya Nur yaagiza wazi kwamba nyumba ya mwenzio huiingii mpaka uombe ruhusa na utoe salamu, na ukiambiwa rudi, urudi. Leo yuko mgeni aliyefika hadi ndani kabisa, akatundikwa ukutani, na hodi hakupiga.

Mgeni huyo ni televisheni ya kisasa, ile inayounganishwa na intaneti. Sisi twaitazama, na wengi hawajui kuwa nayo yatutazama. Nyingi hazina kamera, wala haziihitaji. Kila baada ya muda mdogo mno, chini hata ya sekunde moja, huchukua vijisehemu vya picha iliyoko kwenye kioo, ikavigeuza kuwa alama mfano wa alama ya kidole, kisha alama hizo zikapelekwa kwa kampuni kulinganishwa na hazina kubwa ya filamu, vipindi na matangazo. Basi hujulikana nyumba hii ilitazama nini, saa ngapi, na iliacha wapi. Wala usidhani umesalimika kwa kuwa watumia king'amuzi. Watafiti wa London, Madrid na Davis kule California walizipima televisheni za Samsung na LG, na mwaka 2024 wakaeleza kuwa alama huchukuliwa hata pale televisheni inapokuwa ni kioo tu cha chombo kingine kilichounganishwa nayo kwa waya.

Haya si maneno ya barazani. Kampuni ya Vizio ya Marekani ilianza kazi hiyo mwaka 2014, na televisheni milioni 11 zikawa zinaandika yanayotazamwa na wenyewe bila ya wao kujua. Habari hizo ziliuzwa, zikaambatanishwa na umri wa watu wa nyumba, mapato yao, kama wameoa au hawakuoa. Mwaka 2017 Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 ili kesi iishe. Je, biashara ilikoma? Hasha! Ilipofika 2021 faida ya Vizio kutokana na matangazo na data ilikuwa imeipita faida ya kuuza televisheni zenyewe. Hapo ndipo penye siri ya bei nafuu tunayoifurahia madukani.

Atatokea wa kusema: mimi sina la kuficha, natazama habari na mpira. Tunamuuliza, mbona dirishani kwako pana pazia? Sitara si ya mwenye makosa peke yake. Anayejua nyumba yatazama nini ajua mengi: ajua kama kuna mgonjwa wa sukari, ajua mawaidha ya shehe gani yasikilizwa, na siasa za upande gani zapendwa. Na sisi Waislamu tuna funzo letu. Novemba 2020 iliripotiwa kuwa Muslim Pro, programu ya simu ambayo mamilioni waliitumia kujua saa za sala na upande wa kibla, ilikuwa ikimpa dalali wa data aitwaye X-Mode habari za mahali walipo watu hao, na miongoni mwa wanunuzi wa dalali huyo walikuwamo makandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ikatangaza kukata uhusiano. Ile ilikuwa simu, hii ni televisheni, lakini soko ni moja.

Wenye viwanda watajitetea kuwa mteja aliridhia. Aliridhia lini? Televisheni ikiwashwa mara ya kwanza hutoa kurasa na kurasa za masharti, kwa Kiingereza cha mawakili, na chini yake kitufe cha kukubali. Bibi hausomi Kiingereza hicho; mjukuu wa miaka kumi ndiye abonyezaye, maana ataka katuni. Chuoni tulifundishwa kuwa biashara ni ya maridhiano, na mtoto hafungi mkataba wa nyumba. Hata sheria ya Kenya ya kulinda data, ya 2019, yataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, na ya mtu aliyeelezwa akaelewa. Twaona ni haki televisheni zinazouzwa hapa zije jambo hilo likiwa limezimwa, na masharti yaandikwe kwa Kiswahili.

Mpaka hapo tutakapofika, kila nyumba na ijilinde. Aliyekwisha kuiunganisha na intaneti aingie kwenye mipangilio, atafute masharti ya faragha. Katika Samsung jambo lenyewe huitwa Viewing Information Services. Katika LG huitwa Live Plus. Alizime. Wale watafiti wa 2024 waliona kuwa likizimwa, alama hazipelekwi tena. Ila mwaka 2013 mtu mmoja wa Uingereza aligundua kuwa LG yake iliendelea kutoa habari baada ya yeye kuzima, yakiwamo majina ya faili za kwenye kijiti chake cha USB, na kampuni ikaahidi kurekebisha. Kwa hiyo sisi twaona dawa ya hakika ni kuinyima intaneti kabisa. Antena na king'amuzi havina haja nayo, na picha haipungui uzuri. Atakaye YouTube na achomeke kompyuta yake kwa waya, akijua kuwa nayo ina macho yake, lakini huizima akamaliza. Na fundi akija kutundika televisheni ukutani, akauliza neno la siri la waifai, aambiwe halihitajiki.