Ua wa Kusitiri na Ua wa Kutenga



Ramani ya nyumba iletwapo ofisini kuombewa kibali, huonyesha kuta, milango, madirisha, paa na shimo la maji machafu. Nafasi iliyobaki kuizunguka nyumba mara nyingi huachwa nyeupe katika karatasi, kana kwamba hapana kitu. Lakini nafasi hiyo si tupu. Ndipo maji ya mvua yaangukapo, ndipo moshi na vumbi vipitapo kwenda kwa jirani, na ndipo watoto wapatapo kivuli au wakikosapo. Twataka leo kunena machache juu ya nafasi hiyo nyeupe, yaani juu ya kanuni za mji zihusuzo miti, majani na nyua katika viwanja vilivyokwisha kujengwa. Kwa maana wengi wetu ndio tupokeao ramani hizo, tuzipigao muhuri na kuzitia katika majalada.

Katika miji mingi ya Marekani kanuni za namna hii huandikwa kwa urefu sana. Husema ukanda wa miti uwe na upana gani baina ya kiwanda na nyumba za watu. Ua uwe na kimo gani. Mapipa ya takataka yasitiriwe kwa nini. Miti mingapi ipandwe mahali pa kuegesha magari. Na mche ukifa, upandwe mwingine badala yake. Huko Singapore nako, sheria ya bustani na miti ya mwaka 1975 iliwalazimisha wajenzi kuacha nafasi ya kupanda miti katika makazi, barabarani na penye kuegeshwa magari. Asiyezoea mambo haya aweza kucheka, akadhani ni mapambo ya matajiri wasio na la kufanya. Sivyo. Asili ya kanuni hizi ni swali la ujirani: ni kitu gani cha kwangu nisicho na haki ya kukutupia wewe?

Wala swali hili si geni kwetu. Katika vihamba vya Kilimanjaro, Wachaga hupanda masale mpakani, na jani lile lile la sale hupelekwa kwa mtu kuomba msamaha. Basi mmea ugawao ardhi ndio huo huo upatanishao wenye ardhi. Wamaasai nao hutumia mnyaa kuzungushia maboma yao, na husemwa ya kuwa jina la ziwa Manyara limetoka katika jina la mmea huo. Huku pwani, nyumba isiyo na ua haikuhesabiwa kuwa nyumba kamili, kwani uani ndiko kulikopikwa, kulikofuliwa, na ndiko mama wa nyumba walikostirika. Lugha yetu yenyewe imelipa neno moja, ua, kazi mbili: kitu kizungukacho nyumba, na kitu kichanuacho katika mti.

Hata hivyo, ndugu, tunaposikia neno “kanda” na neno “ukanda wa wazi” katika mambo ya miji, hapana budi tuwe na hadhari. Maana miji yetu yaujua ua wa namna nyingine. Tangu mwaka 1891 Wadachi walitoa amri ya ujenzi katika Dar es Salaam, wakaamua nyumba za namna gani zijengwe mahali gani. Katika mwaka 1914 wakaupanga mji katika kanda tatu. Waingereza walipoushika mji baada ya vita, waliufuata mpango huo: kanda ya kwanza kwa nyumba za namna ya Kizungu, ya pili kwa maduka na makazi, ya tatu kwa nyumba zilizoitwa za kienyeji. Baina ya Kariakoo na mji wa biashara, nyumba na vibanda viliondolewa ili pawe na uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja.

Kanuni ile haikutaja rangi ya mtu. Ilitaja namna ya nyumba tu. Lakini namna ya nyumba iliamuliwa na mshahara, na mshahara uliamuliwa na rangi. Karani yeyote wa zamani zile aliyesoma daraja za mishahara alifahamu hesabu hiyo bila ya kufundishwa.

Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Profesa W. J. Simpson, aliyezuru nchi za Afrika Mashariki katika mwaka 1913 kuchungua afya ya miji, alishauri ya kuwa makao ya Wazungu yatengwe na ya wengine kwa ukanda wa ardhi isiyokaliwa na watu. Ilikuwa imekwisha kujulikana ya kuwa mbu ndiye achukuaye malaria, ikadhaniwa ya kuwa umbali utamzuia. Lakini wapishi, madobi na mayaya walilala katika vibanda vilivyokuwa nyuma ya nyumba zile zile zilizotengwa. Kama hatari ilikuwa katika miili yao, ukanda ulifaa nini? Na kama haikuwamo, ukanda uliwekwa kwa ajili gani? Katika mwaka 1923 Serikali ya Uingereza yenyewe, katika tamko lake juu ya Kenya, iliiacha siasa ya kutenga watu kwa kabila katika miji. Lakini ilikuwa si rahisi kuufuta mji kama ufutavyo mstari wa kalamu ya risasi.

Msidhani jambo hili lilikuwa letu peke yetu. Mjini Detroit, katika Marekani, kuna ukuta uliojengwa mwaka 1941, urefu wake wapata nusu maili, na kimo chake futi 6. Mjenzi mmoja alitaka kujenga nyumba za Wazungu karibu na mtaa wa watu weusi, na idara ya serikali iliyodhamini mikopo ya nyumba ikakataa kwa sababu ya ujirani huo. Akajenga ukuta, na baada ya ukuta mikopo ikakubaliwa. Ukuta ule haukuzuia moshi, wala kelele, wala maji. Ulizuia macho ya mweupe yasimwone mweusi. Sehemu zake zasimama hata leo, na watu wa mtaa wamezipamba kwa picha.

Kwa hiyo twapendekeza kipimo kimoja, kifupi, ambacho karani aweza kukichukua kichwani bila ya kufungua kitabu. Kila kanuni ya ua, ya ukanda au ya miti iletwapo mezani, na iulizwe: je, ua huu wazuia kitu, au wazuia mtu? Ukizuia kitu, kama moshi, vumbi, kelele, harufu, maji yaendayo kasi au jua kali, basi ni ua wa kusitiri, nao ni haki ya jirani. Ukizuia mtu asionekane, asipite, asikae karibu, basi ni ua wa kutenga, hata ukipambwa kwa mawaridi.

Tangu Uhuru wa mwaka 1961 zile kanda za rangi hazina nguvu tena, na Mnazi Mmoja ni uwanja wa watu wote. Lakini yafaa tujitazame wenyewe. Mtu wa leo apatapo kiwanja kilichopimwa, jambo lake la kwanza ni kuzungusha ukuta wa matofali kupita kimo cha mtu, na juu yake vigae vya chupa au waya wa miiba. Kisha huung'oa mwembe, na uani kote humwaga saruji, ili pasiwe na matope. Ndani ni safi kweli. Lakini mvua ikinyesha, maji hayana udongo wa kuyanywa. Hutoka kwa tundu lililoachwa chini ya ukuta, yakaingia kwa jirani aliye chini. Naye, akiwa na uwezo, humwaga saruji na kutoboa tundu lake. Na mwisho wa safu hiyo ndefu yuko mtu asiye na saruji wala ukuta.

Mafuriko ya zamani yalikuwa habari za wazee. Lakini ya Desemba 2011 katika Dar es Salaam tuliyaona kwa macho. Watu wapatao 40 walikufa, na wengi waliokaa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Hatusemi ya kuwa nyua za saruji ndizo zilizoyaleta. Mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi, na watu walikuwa wamekwisha kujenga katika njia ya maji. Twasema hili tu, ya kuwa kila kiwanja kilichosakafiwa chote hupeleka maji yake kwa mtu mwingine, na aliyeyapeleka haitwi barazani kujibu.

Sheria hazikosekani. Ile ya mipango ya miji na vijiji ya mwaka 1956 ilifuatwa na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kikosekanacho ni mtu wa kuuliza juu ya nafasi nyeupe katika ramani wakati ramani ingali mezani. Nyumba ikiisha kusimama, swali limechelewa. Na usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi twaleta mashauri manne, wanachama wayapime.

La kwanza, uzito wa kanuni ufuate uzito wa madhara. Mwenye mashine ya kusaga, gereji, kiwanda cha kuchomelea vyuma, ghala, kituo cha petroli au kilabu cha pombe ndiye apaswaye kupanda ukanda mnene wa miti, au kujenga kizuizi cha kufaa, kabla ya kufungua kazi. Mama mwenye vyumba viwili na jiko la mkaa asitwishwe mzigo ule ule. Kanuni imlemeayo mnyonge na kumpita mwenye nguvu ni kodi iliyovaa nguo ya bustani.

La pili, katika kila kiwanja kipya iachwe sehemu ya udongo usiosakafiwa, ilingane na ukubwa wa kiwanja, ili maji yapate pa kuingilia. Penye kiwanja kidogo, mti mmoja na ukanda mwembamba wa majani vyatosha.

La tatu, miti ikaguliwe baada ya mwaka mmoja, si siku ya kupandwa. Mche hupandwa asubuhi afisa ajapo, na jioni hauna wa kuumwagilia maji. Kanuni isiyosema nani atapanda tena mche ukifa, haikupanda kitu.

La nne, tuanze na nyua za ofisi zetu wenyewe. Mwananchi aliyesimama juani kutwa nzima akingoja karatasi katika uwanja wa ofisi usio na mti hata mmoja, atatusikiaje tukimhubiria habari za kivuli?

Wako watakaosema ya kuwa ua wa mimea huficha nyoka na wezi. Twajibu ya kuwa ua usiokatwa ndio ufichao nyoka. Michongoma ikikatwa vema, mwizi huiogopa kuliko ukuta. Na ukuta mrefu una hatari yake: mwizi akiisha kuuruka, hakuna apitaye njiani awezaye kumwona. Wengine watasema maji ni ghali. Ni kweli, ndiyo maana yafaa kuchagua mimea ivumiliayo ukame, kama mwarobaini, mvinje katika mchanga wa pwani, au michongoma, na kupanda mwanzo wa masika. Mnyaa nao huvumilia sana, ila utomvu wake hudhuru macho, wala haufai karibu na shule. Na penye njia panda, ua wo wote ukatwe uwe mfupi, ili mwenye gari amwone mtoto kabla ya kumfikia.

Wako pia watakaosema kazi ya karani ni kuandika alichoambiwa, na mambo ya miti ni ya wakubwa. Hatukubali. Kanda za zamani hazikuchorwa na makarani, lakini ziliingia madaftarini kwa mikono ya makarani, jalada baada ya jalada. Mkono ulioweza kuandika bila ya kuuliza waweza pia kuuliza kabla ya kuandika. Hatuombi karani ajifanye afisa, wala azuie kibali cha mtu kwa fikira zake mwenyewe. Twaomba aandike ukingoni mwa jalada maneno machache, ya kuwa ramani hii haionyeshi maji yatakwenda wapi, wala moshi utazuiwa na nini, kisha alipeleke kwa mwenye mamlaka. Mwenye mamlaka akilipitisha, na alipitishe kwa jina lake.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lizungumze mashauri haya kabla ya mkutano mkuu, na kuleta majibu kwa maandishi: yapi yafaa mjini kwake, yapi hayafai, na kwa sababu gani. Matawi ya nchi kavu yatutajie mimea ya kwao, maana mji wa Dodoma hauna mvua ya Bukoba. Katibu atayakusanya majibu yote, na yale yatakayokubaliwa na wengi yatapelekwa kwa halmashauri za miji kwa jina la Chama.