Ujira wa Sindano

Kuna neno linalosemwa mara nyingi katika maduka ya pwani yetu, nalo ni hili: "Kofia ni kofia." Hulisema mnunuzi aliyetajiwa bei ya kofia iliyoshonwa kwa mkono akaiona kubwa, akageuza uso kuitazama ile ya mashine iliyopangwa kando yake. Neno hili ni fupi, na lina sauti ya busara. Walakini si kweli, na kila linaposemwa mtu mmoja asiyekuwapo dukani hupunjwa haki yake. Nataka kulijibu.

Kofia ya viua, ile ivaliwayo pamoja na kanzu toka Lamu hata Unguja, huanza kwa kitambaa cheupe cha pamba. Fundi hukata kipande cha duara cha juu, na kipande kirefu cha kuzunguka kichwa. Nakshi huchorwa kwanza kwa kalamu ya risasi, na hapo ndipo hesabu huingia. Ua likirudiwa mara 8 au mara 12 kuzunguka kichwa, sharti ua la mwisho likutane na la kwanza bila ya pengo wala msongamano. Na vichwa vya watu, kama mjuavyo, havilingani. Wanafunzi wangu waliokuwa wakiuliza duara na pembe zake zina faida gani maishani wangalipata jibu lao barazani kwa mshona kofia. Kisha kitambaa hutobolewa kwa ncha kali, na kila tundu huzungushiwa uzi, pindo baada ya pindo, mpaka ukingo wake ukaze usiweze kufumuka. Tundu hilo ndilo kiua. Kofia njema ina viua mamia, vingine vidogo kama punje ya ufuta. Macho huchoka kabla ya mkono, na mkono uliochoka hupoteza ulinganifu. Kwa hiyo kazi haiwezi kuharakishwa. Huchukua majuma, na iliyo bora huchukua miezi.

Sasa tufanye hesabu nyingine. Tuseme kofia imechukua siku 60, nayo imeuzwa shilingi 3,000. Mnunuzi ameilipa siku moja ya kazi hiyo shilingi 50, na bado hatujatoa gharama ya kitambaa na uzi, wala fungu la mwenye duka. Mchukuzi wa mizigo hakubali ujira huo hata kwa saa moja. Na juu ya hayo mnunuzi husema, "Punguza kidogo."

Yuko na mtu wa pili, ambaye namwogopa kuliko huyo anayepunguza bei. Ni yule asifuye. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, nasi tuna haki ya kujivunia jambo hilo. Tangu hapo, na hata kabla yake, hotuba hazikupungua: sindano ni hazina, sindano ni urithi wa mababu. Maneno mazuri; lakini sifa haijapata kununua kibaba cha unga. Nimemwona msemaji mmoja akiisifu kazi ya mkono jukwaani hali kofia aliyoivaa imetoka kiwandani, ng'ambo ya bahari. Watu walimpigia makofi.

Msidhani kwamba mimi ni adui wa mashine. Kofia ya mashine humsitiri mtu asiye na fedha nyingi, na hilo ni jambo jema. Tena wale waliopigana na mashine kwa rungu hawakufaidi. Huko Uingereza, John Heathcoat alipata hati ya mashine ya kufuma kimia, yaani lesi, mwaka 1809. Mwaka 1816 watu wenye hasira walikivamia kiwanda chake cha Loughborough wakavunja mashine zaidi ya 50. Yeye alihamia Tiverton, katika jimbo la Devon, akaendelea na kazi. Lakini katika jimbo hilo hilo walikuwako wanawake waliofuma kimia kwa mkono, kijulikanacho kwa jina la mji wa Honiton. Na Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840, kimia chao ndicho kilichopamba vazi lake la arusi. Cha mashine kilikuwa tele wakati ule. Cha mkono kilitakwa kwa sababu kilijulikana kuwa cha mkono.

Hapo ndipo ilipo shida yetu. Vitu hivi viwili havina ugomvi mpaka kimoja kiuzwe kwa jina la kingine. Kofia ya kiwanda ikiwekwa dukani ikaitwa "ya Lamu", mnunuzi hudanganywa, na fundi wa Lamu hulazimishwa kushindana bei na mtambo usiokula wala kulipa kodi ya nyumba. Kijana wake huyatazama hayo, akaenda kutafuta kazi ya bodaboda. Nani atamlaumu?

Sisi walimu tuna sehemu yetu katika dharau hii. Kwa miaka mingi shule ziliwapa wasichana sindano na wavulana randa, na sindano ikahesabiwa kuwa kitu cha kupitisha wakati nyumbani, kisichostahili ujira wa kazi ya mtu mzima. Lakini Lamu wanaume wameshona kofia tangu zamani, na hakuna aliyewaona kuwa wamepungukiwa. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipewa mavazi ya heshima, na katika kuyaeleza hakuacha kutaja kanzu ya kitani cha Misri yenye taraza, wala kilemba kilichodariziwa ukingoni. Msafiri yule alikuwa ameona miji mingi, na bado jicho lake lilisimama kwenye nyuzi.

Basi mtakapokwenda kununua kofia, igeuzeni ndani nje mbele ya muuzaji. Katika kazi ya mkono upande wa ndani hufanana sana na wa nje, na mkitazama sana mtaona kiua hiki kimepita kile kwa unywele mmoja. Katika kazi ya mashine mtakuta uzi wa pili umepita chini, na pengine nyuzi zilizoruka moja kwa moja kutoka ua mpaka ua. Ikiwa ni ya mashine, ilipieni bei ya mashine, mkaivae bila ya haya. Muuzaji akiapa kwamba ni ya mkono, mwonyesheni uzi ule wa chini.