Ngozi ya Shinyanga, Taya la Tajiri

Ngozi ya ng'ombe katika machinjio ya Kahama na Geita ni bidhaa ya kubembeleza mnunuzi, na nyingine huishia jalalani. Wakati huohuo kipande cha utando wa kolajeni, chenye upana wa sentimita mbili na nusu tu, huuzwa kwa madaktari wa meno kwa zaidi ya dola 100 za Marekani. Kolajeni hiyo hutoka katika ngozi ya mnyama. Hesabu ya namna hii humlaza macho mwenye mtaji.

Jino likishang'olewa, mfupa wa taya husinyaa. Daktari hufunika pengo kwa utando ili nyama ya fizi, ambayo hukua haraka, isiuwahi mfupa. Njia hiyo ilianzia Sweden, ambako Sven Nyman na wenzake waliijaribu kwa mgonjwa mwaka 1982. Tando za mwanzo hazikuyeyuka. Mgonjwa alipasuliwa tena kuzitoa. Za kolajeni huyeyuka zenyewe. Inayojulikana sana, Bio-Gide ya Uswisi, ni ya nguruwe, na hapo mtu wa ng'ombe huona mlango.

Mlango una kufuli. Mnunuzi wa kolajeni ya tiba huuliza ng'ombe alizaliwa wapi, alilishwa nini, na nchi yake ikoje kuhusu kichaa cha ng'ombe. Ndiyo maana Australia na New Zealand hupendelewa. Ng'ombe wa Usukumani hupita minada miwili mitatu bila cheti, ubavuni ana chapa ya moto, na mchunaji humalizia kwa kutoboa ngozi. Hereni za kielektroniki, shilingi 1,750 kwa ng'ombe, zilisitishwa mwaka 2022 baada ya malalamiko ya wafugaji na wabunge. Utambuzi umerudi pamoja na chanjo katika kampeni iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025. Hiyo ndiyo habari ya kufuatiliwa na wafanyabiashara wa ngozi, kuliko bei ya utando.

Tena mshindani yupo. Tangu 2001 njia ya Mfaransa Joseph Choukroun huzungusha damu ya mgonjwa mwenyewe katika mashine na kupata utando wa kutosha kazi nyingi ndogo. Ngozi ya nani itanunuliwa hapo?

Mwenye milioni mbili Kahama atakayeletewa hisa za "kolajeni ya tiba" azirudishe. Anunue chumvi na visu vya kuchunia, kisha awalipe wachunaji ziada kwa kila ngozi isiyo na tundu. Viwanda vya ngozi hununua kwa daraja, na tundu moja hushusha bei leo hii.